Somo Moja na Mafua ya Wiki Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha jambo moja kwa miaka hamsini na minane, na leo naliandika kabla moyo haujabadili nia, au haujasimama. Sina shahada. Sikumaliza chuo. Lilibaki somo moja.

Haya, nimeandika. Paa halijaanguka.

Watu wote wanajua ninayo. Binti yangu mfamasia anajua. Mtaa mzima unajua, maana niliwaambia mwenyewe. Ofisi ya kusajili vizazi na vifo nilikaa miaka thelathini na minane, nikapanda hadi nikawa Msajili, na hakuna aliyewahi kuniomba cheti. Mimi ndiye niliyekuwa naomba vyeti vya watu! Sebuleni kuna fremu ya rangi ya dhahabu, juu kabisa, karibu na dari. Ndani yake ni cheti cha mafunzo ya siku mbili ya kuzima moto. Nilikitundika mwenyewe, kisha ngazi nikaigawa.

Desemba daktari alisikiliza moyo wangu, akatazama dirisha, akasema nisipande ngazi ovyo na nisipate msisimko. Wiki ile ile nikamkuta binti yangu anaandika kitu kwenye kompyuta. Nikasoma juu ya bega lake. Wasifu wangu! Ule wa kusomwa siku yenyewe. Yeye ni mtu wa kujipanga mapema. Mstari wa tatu: alihitimu shahada ya kwanza kwa heshima za juu. Heshima za juu hata mimi sikuwahi kuzidai.

Sikulala vizuri. Mtu anaweza kudanganya akiwa hai na bado akajitetea. Lakini kudanganya ukiwa umelala ndani ya sanduku, watu wamesimama, huna hata nafasi ya kukohoa!

Kufuta uongo siwezi. Basi nitaufanya uwe kweli. Nilisoma kanuni za chuo, kurasa mia mbili na kumi na mbili. Kifungu kinasema mwanafunzi aliyebakiza somo anaweza kurudi. Hakisemi lini. Nikaandika barua. Kijana wa usajili akajibu kwamba faili langu limepatikana na lina alama ya kikombe cha chai, lakini ni halali.

Somo lenyewe siku hizi linafundishwa mtandaoni, vyuo vinne vya nchi nne kwa pamoja. Wanafunzi wanagawanywa makundi ya watu wanne, kila mmoja na nchi yake. Bila kundi hakuna alama. Mwisho wa somo kila mtu anawapa wenzake maksi. Nusu ya maisha yangu ya baada ya kufa iko mikononi mwa vijana watatu ambao sijawahi kuwaona miguu.

Hawajui umri wangu. Nimeweka picha yangu ya miaka ishirini na mbili, nyeusi na nyeupe, kola imesimama. Msichana mmoja aliisifu sana, akaniuliza natumia programu gani kupata mwonekano wa zamani namna ile. Kamera yangu huwa nimeizima, nasema mtandao ni dhaifu. Kuhusu sauti, nasema nina mafua. Mafua yangu yana wiki ya tano sasa.

Jumatano, 5 Machi

Kikao cha kundi. Nilikaa mahali pangu pa siri: kwenye ngazi, kipandio cha nne kutoka juu, kati ya nyumba yetu juu na duka la dawa la binti yangu chini. Ni hapo tu mtandao wa duka unafika vizuri. Nina mto wa kukalia, mkongojo, na kompyuta mpakato ya zamani. Binti yangu anaamini nacheza karata. Ananionea huruma. Nafurahi!

Niwataje wenzangu. Yupo Theluji, kwa sababu kwao theluji haiishi na yeye huvaa kofia ya sufu hata ndani. Huyo ndiye aliyesifu kola yangu. Yupo Mama Pacha, ambaye anasoma huku amepakata watoto wawili, na kila kikao mmoja hubonyeza kitu tukabaki tunatazama paji la uso la mama yake. Na yupo Bwana Ratiba.

Bwana Ratiba ana miaka ishirini na mmoja na amezaliwa akiwa amechana nywele. Kila Jumatatu hututumia jedwali la rangi saba. Leo ameniwekea sehemu yangu mwenyewe: "Afya ya mwenzetu, dakika mbili." Mafua yangu yamepangiwa muda! Mama Pacha akanishauri nijifukize. Wakati huo huo binti yangu chini alikuwa anamwambia mteja ameze kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya kula. Mama Pacha akauliza nani huyo. Nikasema redio.

Bwana Ratiba ndiye kiongozi wa kundi. Hakuchaguliwa. Alifika mapema tu. Mimi niliongoza ofisi yenye makarani kumi na tisa na mihuri minane, halafu leo naambiwa na mtoto "dakika zako zimekwisha, asante sana."

Nina mpango. Tunaandika kwenye waraka mmoja wa pamoja mtandaoni. Mimi huamka alfajiri kwa sababu ya kibofu. Alfajiri hakuna mtu. Nitafuta sentensi zake moja moja na kuweka zangu, taratibu, kama mchwa. Hadi tukifika mwisho kazi itakuwa na sauti ya mtu mzima, na mhadhiri atauliza nani kaandika.

Ijumaa, 7 Machi

Waraka una kumbukumbu! Kila unachofuta kinaandikwa, jina lako, saa, dakika, na rangi yako. Rangi yangu ni waridi. Kurasa sita zote zilikuwa waridi. Ofisini kwetu faili lilipotea kwa heshima, halikumtaja mtu.

Bwana Ratiba hakugomba. Hilo ndilo lililoniudhi. Alisema anashukuru kwamba nina bidii ya kuamka mapema, akaomba tu nisifute jina la chuo chake. Theluji alicheka hadi kofia ikamwangukia machoni.

Halafu likaja kubwa zaidi. Mada ya somo ni upweke wa wazee katika zama za mtandao. Kila mmoja wetu amhoji mzee mmoja wa nchini kwake, aliyepita miaka sabini na mitano. Theluji atamhoji nyanya yake. Bwana Ratiba ana babu na tayari ameshampangia saa. Mama Pacha ana jirani mshona viatu.

Mimi? Mzee nitamtoa wapi? Nikajicheka mwenyewe hadi nikakohoa kweli.

Nilijihoji palepale ngazini. Mahojiano mazuri ajabu. Mhoji alikuwa makini, mhojiwa alikuwa na hekima. Hakuna swali lililomshinda. Nilipomuuliza kama ana upweke, alijibu kwa aya tatu zenye mpangilio. Nikapeleka kwa kundi kabla ya chakula cha mchana.

Jibu la Bwana Ratiba lilikuja baada ya dakika ishirini. Mzee wangu, alisema, anavutia, lakini anajisifu kidogo, na anaandika sawasawa kama mimi. Anapendekeza mahojiano yote yafanyike mbele ya kundi zima, kamera ikiwaka. Wengine wakaunga mkono. Jumanne.

Anajisifu kidogo! Aya mbili tu zilihusu ofisi.

Jumapili, 9 Machi

Nimempata mzee. Jirani yangu, Fundi Saa. Amekaa na mimi mtaa mmoja miaka arobaini, tumecheza naye drafti kila siku, na hajawahi kunishinda ila kwa kuiba. Ana miaka sabini na tisa, meno sita, na ndevu ambazo watu hupenda kuzipiga picha.

Nilimkuta kibandani kwake, lenzi jichoni, saa ya mtu imefunguliwa tumbo. Nikamweleza kwamba kuna vijana wanatafuta mzee. Akasema si nipo mimi. Nikasema mimi nitatafsiri. Fundi hajui lugha ya darasa letu, na hilo ndilo lililonifanya nimchague, maana atakachosema chote kitapita kwangu kwanza.

Akatoa lenzi. Akaniuliza ninaficha nini. Fundi ukimfungulia kitu kidogo anataka kuona magurudumu yote. Ikabidi nimwambie nusu: kwamba mimi mwenyewe ni mwanafunzi, ni kozi ya kujiburudisha, na binti yangu asijue kwa sababu ya moyo. Habari ya shahada sikuigusa. Nilimwapisha.

Akasema, "Msajili, wewe unakufa lini hasa? Nataka nijue kama nikukasirikie au nikuhurumie."

Nikamwambia anihurumie hadi Jumanne. Akakubali, kwa sharti kwamba michezo mitatu ya drafti nisilalamike. Nimelipa leo leo. Kaiba wazi kabisa, kete mbili kwa kiwiko. Nikatabasamu. Mwanaume nimeteseka.

Jumanne, 11 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu!

Fundi alikaa kipandio cha tano, sura yake imejaa skrini, amevaa koti la arusi ya mwanawe. Mimi nilikaa kipandio cha nne juu yake, nje ya picha, nikitafsiri. Sauti yangu ilitoka juu kama ya tangazo la stesheni.

Theluji ndiye aliyeanza. Akauliza kama mzee anajisikia mpweke. Fundi akaegemea, akasema hapana, atakuwaje mpweke na ana jirani kama huyu hapa juu, mzee wa miaka themanini na mmoja, anayesoma chuo kwa kumficha binti yake kama mtoto anayelamba sukari, na bado anadai anajua drafti.

Kisha nikatafsiri: mzee anasema teknolojia imemleta karibu na ulimwengu.

Theluji akauliza mbona jibu lilikuwa refu na tafsiri ni fupi. Nikasema lugha yetu ina adabu, huanza mbali.

Mama Pacha akauliza vijana wanaweza kujifunza nini kwa wazee. Fundi akasema muulizeni huyu wa juu, kanitangulia kuzaliwa kwa miaka miwili na nadhani atanitangulia na huko kwingine, ila hana mafua hata kidogo, anapiga chafya tu kama mbuzi ili mumwamini.

Nikatafsiri: subira.

Wote waliinamisha vichwa. Mama Pacha alicheka mahali pasipochekesha, nadhani pacha mmoja alimtekenya. Bwana Ratiba muda wote alikuwa anatazama chini ya skrini yake, midomo ikichezacheza kama mtu anayesoma. Ratiba zake, bila shaka. Hata mbele ya mzee hawezi kuziacha.

Mwisho wakapiga makofi. Fundi akawapungia mkono kama rais. Nilipofunga kompyuta aliniuliza kama amesema vizuri. Nikamwambia amesema vizuri kuliko anavyojua. Nilikuwa na furaha hadi moyo ukaruka pigo moja, nikameza kidonge, nikaendelea kufurahi.

Alhamisi, 13 Machi

Wanamtaka Fundi tena.

Theluji ameandika kwamba hajaona mzee mwenye nuru kama yule. Mama Pacha anataka awaonyeshe jinsi saa inavyofunguliwa. Bwana Ratiba, mtu ambaye hajawahi kumsifu kiumbe, ametenga dakika kumi na tano, kwa rangi ya kijani! Mimi na mafua yangu bado tuko kwenye mbili.

Nimekaa na watoto hawa wiki sita. Nimewaandikia utangulizi. Nimewarekebishia nukta. Anatokea mtu wa meno sita kwa dakika ishirini, anakuwa nuru.

Fundi amekuja jioni kuuliza kama "vijana wake" wamemsalimu. Vijana wake! Nikasema hawajasema kitu. Akasema ajabu, maana yule wa kofia amemtumia picha ya theluji kwenye simu ya mkwewe. Hata namba ya mkwewe wanayo! Nikamwuliza waliipataje. Akasema aliwaandikia kwenye karatasi akaionyesha kwenye kamera nilipokuwa natafuta mkongojo.

Nimeamua kutangaza kwamba mzee amesafiri.

Jumatatu, 17 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa mpangilio.

Asubuhi nilipata ujumbe kutoka kwa Bwana Ratiba, peke yangu, si kwa kundi. Ulianza na "Mzee wetu mpendwa."

Mzee!

Anasema wanajua tangu Jumanne. Theluji ana programu inayosikiliza lugha yoyote na kuandika tafsiri chini ya skrini, na ilikuwa inawaka muda wote wa mahojiano. Kila neno la Fundi walilisoma. Halafu wakanisikia mimi. Walisoma "anapiga chafya kama mbuzi," wakasikia "subira."

Nimekaa ngazini bila kusogea hadi mteja mmoja akamwambia binti yangu kwamba baba yake huenda hayuko sawa.

Nikaendelea kusoma. Anasema hawakunisema kwa sababu waliona wamepata kitu ambacho hakuna kundi jingine limekipata. Mada ni wazee na mtandao, na mzee alikuwa ndani ya kundi. Tangu siku ile kila mmoja amekuwa akiandika habari zangu. Kuna sura nzima, Sura ya Nne: Mwanafunzi Mwenye Mafua. Ameambatisha. Nimeisoma mara mbili. Kuna jedwali la sentensi nilizofuta alfajiri: arobaini na moja, kwa saa na dakika. Kuna aya ya Mama Pacha kwamba mimi ndiye pekee niliyekuwa naulizia watoto wake wamelala saa ngapi, naye alidhani ni uungwana wa vijana wa kwetu. Theluji ameandika kwamba ile kola si programu.

Ni sura nzuri. Inaniuma kusema hivyo. Kaandika vizuri, mpumbavu yule.

Sasa shida yenyewe. Mahojiano yangu na Fundi hayafai tena, tafsiri si ya kweli, mhadhiri akiyaona ni sifuri. Njia iliyobaki ni mimi mwenyewe kuwa mhojiwa. Lakini hakuna anayeingia kwenye utafiti bila kusaini fomu ya ridhaa. Jina. Umri. Kiwango cha elimu. Na kwa kuwa mhojiwa amepita themanini, shahidi mmoja wa familia asome fomu yote na kusaini. Mwisho wa kupeleka ni Jumatano saa kumi jioni. Nikikataa wataiondoa Sura ya Nne, na mimi nitakuwa sina kazi yoyote.

Yaani ili niipate shahada, lazima kwanza niandike kwa mkono wangu kwamba sina, halafu nimpe binti yangu asome.

Aliyetunga fomu hii ana roho mbaya. Au alikuwa msajili.

Jumatano, 19 Machi

Nilianza na mpango wa kwanza: kuiga saini ya binti yangu. Naijua. Nilijaribu mara kumi na tano nyuma ya gazeti. Zote zilitoka kama saini yangu iliyokonda. Na miaka thelathini na minane nimewafukuza watu dirishani kwa jambo hilo hilo. Nikachana gazeti.

Mpango wa pili ulikuwa bora. Saa nne asubuhi binti yangu husaini karatasi za mzigo wa dawa unaoshushwa, rundo zima, amesimama. Nikaijaza fomu. Jina langu. Umri: themanini na mmoja. Kiwango cha elimu. Hapo kalamu ilikaa muda. Nikaandika neno moja, dogo: hakuhitimu. Nikaikunja kidogo, nikashuka, nikaitia katikati ya rundo, kati ya dawa za minyoo na bandeji. Nikajifanya natafuta miwani.

Nilisahau kitu kimoja. Yule ni mfamasia. Husoma hata maandishi ya nyuma ya kiberiti.

Alisaini mbili, tatu, akafika kwenye fomu. Kalamu ikasimama. Akaisoma juu hadi chini, akaigeuza, akaisoma tena. Akamwambia dereva wa mzigo asubiri nje. Akaweka kibao cha "Tunarudi Punde" mlangoni. Miaka kumi na moja sijawahi kukiona kibao hicho kikitumika.

"Baba," alisema, "mwaka wa pili wa chuo nilirudi nyumbani na sanduku langu."

Nikasema nakumbuka.

"Ulilibeba mwenyewe ukalirudisha stendi. Umevaa ndara. Uliniambia kwetu hakuna mtu anayeacha njiani."

Nikasema ni kweli nilisema. Nikaongeza kwamba, ukitazama, matokeo si mabaya, duka hili hapa. Akasema hajaniuliza habari za duka.

Friji ya dawa ilinguruma. Nilikuwa nimesimama muda mrefu kuliko daktari anavyotaka, akanisogezea kiti bila kunitazama. Hilo ndilo lililonivunja, kile kiti.

Akauliza niliacha kwa sababu gani.

Sababu ninazo tatu, nimezitunza miaka yote, ziko tayari: baba yangu aliugua, chuo kilifungwa, nilipata homa. Zote nzuri. Nilifungua mdomo nichague moja, ikatoka ile ya nne.

Nikamwambia hata wakati ule somo lilikuwa la kazi ya kundi. Watu watano kwenye chumba chenye meza moja. Wakachagua kiongozi, na hawakunichagua mimi. Walimchagua mwenye miwani, kwa sababu alikuwa na saa ya mkononi. Nikakwapua madaftari yangu, nikatoka, nikasema sirudi hadi waje kuniomba. Nilidhani watakuja Jumatatu.

"Wakaja?"

Nikasema nilikaa nyumbani wiki tatu nikiwasubiri, nimevaa shati safi kila siku. Halafu ofisi ya kusajili ikatangaza nafasi.

Binti yangu alikaa chini kwenye boksi la maji ya dripu. Akafunika uso. Mabega yakaanza kutikisika, nikaogopa, nikanyanyuka na mkongojo nimfuate. Alikuwa anacheka! Alicheka hadi akalia, akalia hadi akacheka tena, akasema kumbe siku zile tatu nilizogoma kula hadi akubali kurudi chuoni, nilikuwa na uzoefu. Mteja mmoja aligonga kioo akaonyesha kifua chake kwamba anakohoa. Akamwashiria aende mtaa wa pili.

Kisha akasaini. Saini kubwa, nzuri, haiigiki. Akasema ana masharti mawili: kaka yake nimpigie mimi mwenyewe nimweleze, na kipandio cha nne nisikikalie tena, kuna baridi, nitafanyia vikao vyangu hapa ndani, nyuma ya kaunta, ambako mtandao unaanzia. Wiki saba nimekaa kwenye saruji bure!

Fomu imekwenda saa tisa na nusu. Bwana Ratiba alijibu palepale kwamba anashukuru sana na kwamba nimewahi kwa dakika thelathini. Nikamwandikia kwamba nami nashukuru. Nikapendekeza, kwa heshima, kwamba sura inayonihusu ingekaa vizuri zaidi ikiwa ya kwanza, na jina langu likatangulia kwenye jalada, kwa kuwa bila mimi hakuna kazi.

Bado hajajibu. Nafikiri anaitafakari.

Alhamisi, 27 Machi

Matokeo!

Nimefaulu. Asilimia hamsini na mbili, na kufaulu ni hamsini. Maksi za wenzangu ndizo zilizoniokoa: kwa ushiriki wamenipa zote, kwa kusikilizana wamenipa moja kati ya tano, na nashuku nani ameshusha. Kijana wa usajili ameandika kwamba jina langu litaingia kwenye orodha ya wahitimu wa mwaka huu, na akauliza kama nitahitaji kiti karibu na mlango. Shahada! Ya kweli! Nimeisoma barua kwa sauti, nikaisoma tena kwenye simu kwa mwanangu wa kiume, ambaye aliuliza dada yake amenipa dawa gani.

Bwana Ratiba amepata tisini na moja. Sura ya Nne imebaki ya nne.

Binti yangu amefuta mstari wa tatu wa wasifu na kuuandika upya, heshima za juu zimetoka. Nilimwambia asiweke nukta mapema, bado nipo. Moyo leo umedunda vizuri siku nzima, ule msisimko nilioambiwa niuogope ndio pekee ninaoupenda.

Adhuhuri akaja Fundi. Koti lile lile la arusi. Nilidhani kaja kunipongeza, na kweli alinipongeza, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniita mhitimu, maana vijana wake walishamwambia yote, na macho yake yakalowa. Nikaanza kumpenda kidogo. Kisha akakaa, akajikuna ndevu, akasema ana habari. Mhadhiri ameona mahojiano, pamoja na tafsiri ya kweli ya Theluji. Muhula ujao anamtaka yeye awe mzungumzaji mgeni. Si wa kundi. Wa darasa zima, vyuo vyote vinne, watu mia mbili! Theluji ndiye atakayemtafsiria. Na Bwana Ratiba ameshampangia muda.

Alisema kwa unyenyekevu kabisa. Akaniuliza kama nitakuwepo kusikiliza.

Nikajisikia nikisema kwamba ningependa sana, bahati mbaya muhula ujao nitabanwa na masomo. Naanza uzamili. Miaka miwili. Nimeshakubaliwa, barua ilikuja pamoja na matokeo, sikutaka tu kujitangaza.

Fundi alisimama, akaniangalia kama saa iliyoanza kutembea yenyewe. Kutoka nyuma ya kaunta binti yangu akauliza, taratibu, kama amesikia vizuri. Nikamwambia amesikia vizuri. Hadi saa hizi mtaa mzima umeshapita kunipa mkono.

Sijakubaliwa. Sijaomba. Tovuti yenyewe sijaifungua, na mwisho wa maombi ni kesho.